Miaka Saba ya Mtoni

4 Februari 2019

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara sita tangu Jumapili. Mara nne iliita mpaka ikachoka yenyewe, mara mbili ulikata. Basi nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haiishiwi chaji, na nakala yake ninabaki nayo.

Huku tunasukuma siku. Mama uvimbe wa goti umepungua, ulimi haujapungua kitu. Jana aliniuliza, "Yule kaka yako yuko hai, au wamemzika bila kuniambia?" Mjukuu wangu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na anacheka hivyo hivyo. Chumba cha nyuma kinavuja palepale. Wifi hajambo? Na binti yenu wa chuoni?

Sasa nililokuandikia. Tarehe 30 Juni natimiza miaka sitini na ninastaafu. Ijumaa nilikwenda ofisi ya pensheni. Afisa ni kijana mpole, anafungua jalada kwa vidole viwili kana kwamba lina upupu. Akaniambia, "Mama, una miaka kumi na minne ya ajira ya kudumu. Pensheni ya kila mwezi inaanzia miaka ishirini. Wewe utapata kiinua mgongo mara moja, basi, tumeagana."

Nikamuuliza, "Na miaka kumi niliyosoma vipimo vya mto nikiwa kibarua?"

"Siku hizi inahesabika," akasema. "Kuna waraka. Ajira ya muda inaongezwa kwenye pensheni, ilimradi imeungana na ajira ya kudumu bila kukatika. Wewe imekatika. Ulianza Julai 1995, ukaondoka Juni 1998, ukarudi Julai 2005. Hapo katikati hukuwepo."

"Sikuwepo wapi?"

"Kwenye karatasi, Mama."

Kaka, wewe unajua nilikuwa wapi. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, sikukuu na siku za kazi, nilikuwa chini ya daraja nikisoma ule ubao wa mistari myeusi na myeupe na kuandika kina cha maji. Mwaka 1998 ilikuja amri kwamba kibarua yeyote aliyekwisha kufikisha miaka mitatu mwaka huo athibitishwe au aondolewe. Wewe ndiye uliyekuwa karani wa mahudhurio. Uliniita, ukafunga mlango, ukasema, "Tukate jina lako tuandike la wifi yako. Kazi itabaki yako, malipo nitakuletea mkononi. Ni jina tu. Mto haujui jina." Nikacheka, nikakubali. Kwa miaka saba, chini ya kila ukurasa wa kitabu cha vipimo, nimetia saini ya wifi kwa mkono wangu. Hilo ni kosa langu na sikulificha; limo kwenye shajara yangu ya 1 Julai 1998.

Ninaomba kitu kimoja. Niandikie maelezo ya kiapo, ukurasa mmoja unatosha, kwamba msomaji wa vipimo miaka ile saba nilikuwa mimi. Nikiyapata, miaka yote kumi inaungana. Maombi yafike kabla ya 30 Juni.

Mdogo wako


27 Februari 2019

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba sana. Usione kimya. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikakaa siku tatu kwenye mchele, ikatoka inasikia lakini haisemi, kama mimi nikiwa mbele ya wifi yako.

Sisi wazima. Wifi yako tangu astaafu hatulii. Amelima nyuma ya nyumba mpaka mahali pa kuanikia nguo hakuna. Binti yupo chuoni, anakula ada na kutuletea vicheko. Mwambie Mama nipo, na nikifa nitamtuma mtu.

Hilo la pensheni nimelisoma. Dada, miaka kumi na minne si haba. Wako walioondoka na asante tupu. Chukua kiinua mgongo chako, fungua genge pale mbele ya nyumba, Mama akae kwenye kiti asimamie. Nani atathubutu kukopa? Mambo ya zamani yana miiba yake. Sisi tuliokaa maofisini tunajua kwamba jalada lililolala huachwa lilale.

Tena usijisumbue kwenda masjala kupekua. Kule chini kuna vumbi na kifua chako nakijua tangu utoto.

Bati la chumba cha nyuma lipake lami kwenye misumari. Usinunue jipya.

Kaka yako


9 Machi 2019

Kaka,

Shikamoo. Lami nimepaka. Sasa panavuja hatua mbili pembeni.

Barua yako nimemsomea Mama yote. Aliposikia habari ya genge akasema, "Mwambie nimeshamsimamia yeye miaka kumi na minane na hasara yake bado naiona." Halafu akaniuliza, "Hicho ulichomwomba kakubali au kakataa?" Nikapitia tena mstari kwa mstari. Umejibu juu ya simu, ada, bustani, bati na kifua changu. Kiapo hukukitaja.

Huenda nilieleza kwa haraka, nieleze tena. Nikikosa ile miaka ya katikati, hata mitatu ya mwanzo iliyo kwa jina langu inaanguka, kwa kuwa haikuungana na kitu. Nitabaki na kumi na minne. Hapa ndani tunaishi kwa mshahara wangu, Mama na mimi na mjukuu, na Julai hakuna mshahara. Genge halilishi mwanamke wa miaka themanini na minne anayekunywa vidonge vitatu kwa siku.

Naona hasira, kaka, niiandike isinikae kifuani. Unakumbuka mafuriko ya Novemba 2002? Maji yalipozamisha ubao wote, nilifunga jiwe kwenye kamba, nikapiga fundo kila nusu mita, nikapima kutoka juu ya daraja siku tatu mfululizo huku polisi ananipigia kelele nishuke. Daraja jipya limejengwa kwa namba hizo. Mhandisi wa daraja alisimama ofisini kwetu akasema mbele ya watu kwamba ni mara chache ameona kitabu cha mto kisicho na pengo hata siku moja. Kitabu hakina pengo, ila aliyekiandika ana pengo la miaka saba! Namba zangu wanazitunza kwenye kabati la chuma, mimi wananiambia sikuwepo. Na serikali hiyo hiyo iliyotukataza kufika miaka mitatu ndiyo leo inatuuliza mbona majina yetu yamekatika.

Halafu neno moja. Umeniambia nisiende masjala. Barua yangu ninayo hapa, nimeisoma mara mbili. Sikuandika popote kwamba nitakwenda masjala.

Ninasubiri kiapo.

Mdogo wako


30 Aprili 2019

Dada,

Sisi hatujambo. Nimechelewa kwa sababu ya mgongo na mambo mengine.

Nakuandikia sasa kama kaka mkubwa, niliyekufundisha kusoma saa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi na wewe tulikuwa kata na mtungi, na tulikunywa wote. Ukipeleka habari hii kwenye ofisi watauliza nani alikata jina na nani aliandika jingine, nitakuwa mimi. Watauliza pia saini ya uongo ya miaka saba iliandikwa na mkono wa nani. Hapo mkono si wangu. Kughushi ni jela, dada, na mzee wa miaka sitini jela hakupendezi.

Nakuomba kwa heshima ya marehemu baba, liache. Nikipata nafasi nitawatumia chochote cha kumsaidia Mama.

Wifi yako anakusalimu. Hajui kama tunaandikiana haya, usimwandikie.

Kaka yako


13 Mei 2019

Kaka,

Mama mzima. Nimepokea vitisho vyako, asante.

Alhamisi iliyopita nilikwenda masjala. Mtunza masjala ni yule yule tuliyekuwa tukimwita Babu Vumbi, sasa ni babu kweli. Aliniona mlangoni akasema, "Binti wa mtoni! Nilidhani ulishachukuliwa na maji." Nikamweleza ninachotafuta. Akapanda ngazi, akanishushia vitabu vya vipimo vya 1998 hadi 2005, vimefungwa kwa kamba ya katani. Mwandiko wangu wote. Nilipogusa ukurasa wa kwanza nilikaa kwenye boksi.

Babu Vumbi akasema, "Ajabu. Miaka kumi na mitatu hakuna aliyeviuliza hivi vitabu, na sasa ndani ya miaka miwili mnakuja wawili."

"Wa kwanza ni nani?"

"Si kaka yako? Alikuja mwaka jana, mwezi wa tatu. Alitaka nakala zilizogongwa muhuri. Alikuja na soda mbili, moja yake, moja yangu." Akanionyesha daftari la kuazimia. Tarehe 19 Machi 2018, saini yako, na sababu ya kuazima: *Madai ya nyongeza ya utumishi wa muda*. Kwenye safu ya mdai umeandika jina la wifi.

Nilimwomba afisa wa pensheni aangalie. Hakutaka kunionyesha jalada la mtu mwingine, lakini aliniambia lililomo, kwa sababu na yeye alishangaa. Wifi alithibitishwa kazi ya jikoni shuleni tarehe 1 Julai 2005. Akastaafu Juni 2018 akiwa na miaka kumi na mitatu. Akaongezewa saba ya ukibarua wa kusoma vipimo vya mto. Ishirini. Ishirini kamili, haikuzidi hata siku moja, na pensheni ya kila mwezi ikaanza.

Kaka, ulikaa na barua yangu ya Februari mkononi ukaniandikia habari za lami.

Waraka ule ulikuwa umeujua mwaka mzima kabla yangu. Ungeniambia wakati ule, kabla hujapeleka madai, tungekaa tukafikiri. Hukuniambia. Ulichukua asubuhi zangu zote za miaka saba, baridi yangu, malaria yangu ya 2001 niliyokwenda nayo mtoni nikiwa nimejifunga blanketi, ukazipigia muhuri ukampa mkeo. Halafu unaniambia mimi nitafungwa!

Sitakuuliza kama ni kweli. Nakuuliza ulipanga kuniambia lini.

Dada yako


2 Juni 2019

Dada,

Umekwenda nyuma yangu kwa Babu Vumbi kunichunguza kama mwizi wa kuku. Sawa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1998 amri ilisema uthibitishwe au uondolewe, na nafasi ya kukuthibitisha haikuwepo. Ningefuata amri ungeondoka siku ile ile na watoto wawili na mume aliyekwisha kukukimbia. Nani alikuweka kazini? Nani alikuletea malipo kila mwisho wa mwezi, hayakupungua hata mara moja? Nani alipiga magoti kwa mkubwa wa idara mpaka 2005 ukapata ajira ya kudumu? Ukibarua wako ulilipwa. Karatasi zilizobaki zilikuwa na jina la mke wangu. Wifi yako alisimama kwenye moshi wa kuni miaka kumi na mitatu akipikia watoto wa watu, macho yamemharibikia, na angetoka mikono mitupu kwa kukosa miaka saba. Karatasi zilikuwepo, zina jina lake. Ungekuwa wewe ungezichoma?

Nimesema yangu. Kiapo sitaandika.

Kaka yako


20 Juni 2019

Kaka,

Mama yuko salama, ila sasa ameacha kukutania. Anauliza tu kama umeandika, nikisema ndiyo anaangalia ukutani.

Yote uliyosema nimeyapima. Ni kweli uliniweka kazini, na nilikushukuru wakati ule kwa moyo mweupe, shajara inashuhudia. Ni kweli nililipwa. Sidai mshahara wa 1999. Ninadai kwamba nilikuwepo. Wifi na moshi wake wa kuni anastahili zaidi ya alichopewa, na kama kungekuwa na fomu ya kumwombea ningeijaza leo. Lakini hukumpa kilicho chako. Ulimpa kilicho changu ukaniacha mimi na Mama mlangoni, kisha ukanishauri tuuze nyanya.

Kiapo umekataa, nimetafuta njia nyingine. Nimekaa na shajara zangu usiku na mchana, siku kwa siku, nikizilinganisha na nakala za vitabu. Sikiliza ya tarehe 11 Machi 2000, Jumamosi:

*Wifi amejifungua salama, msichana, saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Kaka alikuja kunigongea akilia kwa furaha. Nimeshindwa kwenda naye hospitali kwa sababu ya kipimo. Saa kumi na mbili maji mita moja na sentimita arobaini na mbili, rangi ya chai ya maziwa. Kutoka mtoni nimepita hospitali moja kwa moja na viatu vya matope, muuguzi amenifukuza.*

Kitabu cha serikali, siku hiyo hiyo: saa kumi na mbili asubuhi, mita moja na sentimita arobaini na mbili, saini ya wifi. Na jioni saini ya wifi. Na kesho yake asubuhi, saini ya wifi. Mwanamke gani huyo, kaka, anajifungua alfajiri wodini na baada ya saa moja na robo yuko kilomita tisa mbali, chini ya daraja, anasoma kina cha maji? Cheti cha kuzaliwa cha binti kina tarehe, na rejesta ya wodi ina saa. Nakala zote mbili nimeziomba, zimetoka Jumatatu.

Jana nimepeleka maombi. Nimeandika ukweli wote, pamoja na kwamba saini zile nilitia mimi. Wakinifunga wanifunge nikiwa na jina langu. Afisa alisoma, akasema, "Mama, hii itakwenda kwa kamati. Na yule aliyepewa miaka hii lazima aitwe." Nikamwambia najua.

Nakutangulizia habari ili umwambie wifi kabla karatasi ya wito haijafika. Asilisikie kwa mtu baki.

Dada yako


18 Julai 2019

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuchana mara mbili.

Wifi yako hajui. Ndivyo ilivyo. Siku ya kujaza fomu nilimwambia serikali imetoa nyongeza kwa wapishi wa shule waliotumikia vizuri. Akafurahi, akaniambia, "Kumbe wanaona." Akatia saini nilipomwonyesha. Hakusoma, alikuwa na unga mikononi. Nilikuwa nimekusudia kukwambia wewe, kila mwezi nasema mwezi huu, kisha ikaja barua yako ya Februari na nikaona nimechelewa, na aliyechelewa anaogopa hata kubisha hodi.

Wito wa kamati umefika tarehe 8. Niliupokea mimi mlangoni. Uko chini ya godoro upande wangu.

Naomba unisitiri. Ondoa maombi, nami nitakutumia kila mwezi sehemu ya pensheni yangu mimi mwenyewe, mpaka Mungu atakapotuchukua. Hakuna atakayejua. Nimekaa na huyu mwanamke miaka thelathini na sita na hajawahi kuniita mwongo. Usimpe neno hilo uzeeni.

Kaka yako


22 Agosti 2019

Kaka,

Shikamoo. Mama amelala, goti halimsumbui. Mjukuu ameota jino moja kati ya yale mawili.

Barua yako ya Julai sikuijibu kwa sababu ulikuwa unaniomba nipokee sadaka kwa siku nilizofanya kazi.

Wito ulioulaza chini ya godoro ulikuwa wa kwanza. Wa pili kamati waliupitisha shuleni alikofanyia kazi, na mwalimu mkuu akamkabidhi wifi mkononi. Nadhani ulishajua, maana aliniambia alikuaga kuwa anakwenda kumwona Mama na wewe hukumtazama usoni. Alifika hapa jana jioni na mfuko mmoja na mboga za bustani yake. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Wameniita kuhusu nyongeza yangu, wifi. Labda wameongeza tena." Nilimwekea maji ya kuoga.

Leo saa nne tuliingia wote wawili. Kamati ni watu watatu, meza ndefu, feni inayolia. Mwenyekiti ni mama wa makamo, anazungumza taratibu. Akamwambia wifi, "Mama, majalada yanaonyesha ulisoma vipimo vya mto kuanzia Julai 1998 mpaka Juni 2005. Ule ubao wa vipimo uko upande gani wa daraja?"

Wifi akasema, "Daraja lipi?"

"La pale mtoni."

"Mimi huko sijawahi kufika. Miaka hiyo nilikuwa nyumbani nalea." Akanigeukia. "Wifi, mtoni si ulikuwa wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Sasa mbona wananiuliza mimi?"

Mjumbe mmoja akamsogezea kitabu cha vipimo, akamwonyesha saini. Wifi akainama karibu kabisa, unajua macho yake, akasema, "Jina ni langu, mwandiko si wangu." Wakamwonyesha fomu ya madai. Akasema, "Hii nilitia mimi. Mume wangu aliniambia hapa, nikatia hapa. Mume wangu ni karani, ningemsahihisha nini?"

Nilimwona akielewa. Haikuja ghafla. Ilianza mikononi, akaacha kukunja kitambaa. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba anaweza kupumzika kabla ya kuendelea, au kuomba mtu wa kumshauri, kwa maana maneno yake yanamharibia. Wifi akasema, "Yananiharibia vipi? Sikuwepo mtoni. Mnataka niseme nilikuwepo?" Kwa sentensi hiyo moja alijivua pensheni yake, na alijua anajivua. Nimekaa na watu wengi waliosoma kuliko yeye, pamoja na wewe na mimi. Hakuna kati yetu aliyepata kusema sentensi fupi namna hiyo kwa miaka ishirini na mmoja.

Uamuzi umetoka papo hapo. Miaka yote kumi ni yangu, imeungana, jumla ishirini na minne. Saini zangu za uongo wamezisamehe kwa onyo la maandishi. Wifi amerudishwa kwenye kumi na mitatu, pensheni ya kila mwezi inasimama mwezi huu, na wanasema arudishe aliyokwisha pokea. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kumpiga mtu.

Kulikuwa na fomu mbili za kutia saini. Ya kwanza ni ya miaka yangu, nikatia. Ya pili ilikuwa imechapwa tayari, inasema kwamba wifi, kwa kukusudia, alijipatia utumishi wa mtu mwingine. Nikamwambia mwenyekiti hii sitii. Akaniuliza, "Bila mtu wa kuwajibika deni linabaki kwake. Kama si yeye ni nani?" Nikaomba kalamu. Nikakata jina la wifi kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake nikaandika lako, majina yote matatu, na cheo chako cha wakati ule. Kwenye nafasi ya uhusiano nikaandika: kaka wa tumbo moja. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika ishirini. Watakuita kabla mwezi haujaisha, na deni watakata kwenye pensheni yako. Wito huo usiuweke chini ya godoro, kwa sababu nakala watamletea wifi, na wifi yuko hapa.

Atakaa hapa kwa muda. Hakulia mbele yao, wala njiani. Alipofika alimsalimia Mama, akaingia jikoni, akaanza kuchambua mboga zake mwenyewe. Mama akamfuata na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda, akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Niulize mimi." Wifi akasema, "Kwako sina swali, Mama." Wakachambua wote.

Kwa hiyo kaka, usinijibu barua hii. Ikija nyingine nitairudisha bila kuifungua, na ya wifi hali kadhalika, amenituma nikwambie. Basi kutoka huko linaingia hapa saa kumi jioni, kila siku isipokuwa Jumapili. Panda, ushuke, utembee mpaka mlangoni, ubishe hodi, na umwambie kwa mdomo wako. Atakayekufungulia ni yeye.

Dada yako